Fomu Zimetiwa Sahihi, Mkataba Uko Wapi?

Mgodi wa Macalder ulipofungwa mwaka 1966, mwajiri aliondoka lakini kazi ilibaki. Kampuni iliyokuwa ikichimba shaba na dhahabu katika ardhi ya Nyatike ilikoma shughuli zake. Watu wa mahali pale hawakukoma. Tangu siku hizo wameteremka mashimoni, wakapandisha mawe, wakayaponda, wakayasaga, wakayaosha kwa zebaki, na mwisho wa yote wakagawana kilichopatikana na mwenye ardhi, mwenye shimo na mwenye mashine ya kusagia. Ukimwuliza mchimbaji ni nani aliyemwajiri, atakuonyesha watu watatu au wanne, na kila mmoja wao atakuambia kwamba siye.

Twaanza na Macalder kwa makusudi. Mara nyingi husimuliwa habari za siku wafanyakazi wanapoungana. Ni siku ya shangwe, na haki yao hiyo imo katika Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010. Lakini chama hakimlishi mtu kwa kuwapo tu. Kinacholisha ni mkataba wa kwanza, ule ulioandikwa, ukatiwa sahihi na pande mbili na kusajiliwa mahakamani. Na huo ndio waajiri wanaoupiga vita kuliko chama chenyewe. Mwajiri mwerevu hapotezi nguvu zake kuwazuia watu kujaza fomu. Atawaacha wajaze, kisha atachelewa kujibu barua. Atachelewa mwaka, atachelewa miwili, hata waliojaza fomu waanze kunung'unika kwamba ada yakatwa na hakuna kilichobadilika. Hapo chama hufa pasipo mtu kukiua.

Wale waliodai mfumo wa vyama vingi waijua hali hii. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991, na kura ikapigwa Desemba 1992. Lakini leseni za mikutano na mamlaka makubwa ya machifu yalibaki pale pale hadi marekebisho ya 1997. Mlango ulifunguliwa, vyombo vya ndani havikuguswa. Vyama vya wafanyakazi vilingoja zaidi ya hapo. Chama cha watumishi wa serikali, kilichopigwa marufuku mwaka 1980, hakikupata kusajiliwa upya hadi 2001. Wahadhiri wa vyuo vikuu waligoma tangu mwishoni mwa 1993 na kuendelea 1994 wakidai chama chao kisajiliwe, na usajili wenyewe ulikuja 2003. Kama kuandikishwa tu kulichukua muda huo, msomaji na apime mwenyewe uzito wa kumfikisha mwajiri kwenye meza.

Tusidhani kwamba ni shida ya nchi maskini. Nchini Marekani, ambako sheria ya 1935 imeweka kura ya siri mahali pa kazi, wafanyakazi wa ghala moja la kampuni ya Amazon huko Staten Island, New York, walipiga kura Machi 2022: 2,654 walitaka chama, 2,131 walikataa. Dunia nzima iliandika habari zao. Desemba 2024 wafanyakazi wa ghala hilo walikuwa katika mgomo, wakiitaka kampuni iketi nao kuzungumza mkataba wa kwanza. Sheria ya huko yamtaka mwajiri ajadiliane kwa nia njema, lakini yasema pia kwamba halazimiki kulikubali pendekezo lolote. Hapa kwetu Nairobi, tarehe 1 Mei 2023, zaidi ya wafanyakazi 150 wanaochuja picha na maneno machafu kwa ajili ya Facebook, TikTok na mitambo kama ChatGPT walikutana wakapiga kura ya kuunda chama chao. Kura ile ilikuwa ya ushujaa. Lakini katika sheria ya Kenya kura ya mkutano haina nguvu yenyewe: sharti kwanza Msajili atoe cheti cha kuruhusu kuandikisha wanachama, kisha maombi ya usajili yapelekwe kwake ndani ya miezi sita, na baada ya hayo ndipo safari ya kumwendea mwajiri ianze.

Kwetu, basi, utaratibu ni mwingine. Hapana sanduku la kura kiwandani. Kura ya mfanyakazi wa Kenya ni Fomu S, karatasi ambayo kwayo amruhusu mwajiri kumkata ada ya chama. Kifungu cha 48 cha Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 chamtaka mwajiri aanze kukata ada hiyo katika siku 30 tangu apokee fomu. Walioungana wakizidi nusu ya wafanyakazi wanaostahili kuwa wanachama, hata kwa mtu mmoja, kifungu cha 54 chasema mwajiri atakitambua chama. Hakisemi kwamba aweza kukitambua akipenda. Utambuzi huo huandikwa. Kisha kifungu cha 57 chaenda mbali kuliko sheria ya Marekani, kwa kuwa chasema mwajiri aliyekitambua chama atafunga nacho mkataba wa pamoja unaoeleza masharti ya kazi. Kwa karatasi, mfanyakazi wa kiwanda cha sukari cha Awendo ana ulinzi kuliko yule wa New York. Kwa karatasi.

Vita vya kwanza ni vya hesabu. Mwajiri atadai kwamba hao mia moja si mia moja, kwa maana thelathini ni wasimamizi na hawaruhusiwi kuwa wanachama. Na ukichunguza utakuta kwamba cheo cha usimamizi walipewa wiki ile ile fomu zilipofikishwa ofisini, bila ya nyongeza hata ya shilingi. Atadai kwamba arobaini wengine ni vibarua tu. Hapo yafaa tukumbuke kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007: kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja hahesabiwi tena kuwa kibarua wa kutwa, bali mfanyakazi wa mwezi mwenye haki zote zinazoandamana na hali hiyo. Kisha zitaanza kuonekana barua za kujitoa chamani, zote zimepigwa chapa kwa mashine moja, zote zina kosa lile lile la tahajia. Kwa hiyo wanaokusanya fomu wasiziache ovyo. Kila fomu iwe na nakala, kila orodha iwe na namba za kazini, na kila kinachopelekwa kwa mwajiri kigongwe mhuri wa kupokewa. Mahakamani atakayeulizwa jinsi alivyopata idadi yake ni chama.

Mwajiri akikataa, mgogoro hupelekwa kwa Waziri wa Kazi, naye huteua msuluhishi. Siku 30 zikipita bila ya mapatano, chama chaweza kwenda katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ile iliyoitwa zamani Mahakama ya Viwanda, kwa hati ya dharura. Sheria yaruhusu pia mgomo kwa ajili ya utambuzi, ilimradi usuluhishi umeshindikana na notisi ya siku saba imetolewa kwa maandishi. Twajua kuna ndugu zetu wasiopenda kulisikia neno mgomo likitajwa katika ukumbi wa kanisa. Haki hiyo imeandikwa katika Katiba, tena katika kifungu kile kile cha 41.

Sasa tufike kwenye meza yenyewe, maana huko ndiko wengi hupotea.

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba kujadiliana ni ufasaha wa katibu. Katibu huja kutoka Kisumu au Nairobi, amevaa suti, awajua wanasheria, na wafanyakazi wakishamwona hupumua na kurudi makwao kungoja. Yeye naye, akiwa na matawi ishirini ya kuhudumia, hutoa katika mkoba wake mkataba wa kiwanda kingine, akabadilisha jina la kampuni, akaupeleka kuwa mapendekezo. Mkataba wa namna hiyo waweza kutaja marupurupu ya wapanda pikipiki mahali pasipo na pikipiki hata moja, huku ukinyamaza kabisa juu ya moshi unaowaua watu katika chumba cha matanuri. Mapendekezo ya kwanza sharti yatoke kwa watu wenyewe, idara kwa idara, zamu kwa zamu, wanawake wakiulizwa mbali na wanaume pale ambapo hawatasema mbele yao. Swali la kuwauliza ni jepesi: ni jambo gani lililokufanya ukatia sahihi ile fomu? Mara nyingi jibu si mshahara. Utasikia habari ya msimamizi atukanaye watu, ya mjamzito aliyenyimwa kuketi, ya siku ya ugonjwa iliyokatwa, ya mtu aliyefukuzwa langoni na mlinzi bila kuambiwa kosa lake.

Wanaokwenda mezani nao wachaguliwe, wala wasiteuliwe na ofisi ya chama. Wapewe mipaka: jambo gani waweza kulegeza na jambo gani hawawezi kulilegeza bila ya kurudi kuuliza. Na warudi kweli. Mazungumzo yanayofanyika katika hoteli ya mbali kwa wiki tatu, wajumbe wakilala na kula kwa gharama ya mwajiri, twayaogopa hata kama wajumbe wote ni watu waadilifu, kwa sababu wale waliobaki kiwandani hawatayaamini matokeo yake. Mkataba wa kwanza unaotiliwa shaka na wenyewe hauna wa kuutetea mwajiri atakapoanza kuuvunja.

Kuna silaha moja ambayo haitumiki vya kutosha. Kifungu hicho hicho cha 57 chamtaka mwajiri akipe chama habari zote zinazohitajika ili kiweze kujadiliana ipasavyo. Habari hizo ni zipi? Ni idadi ya wafanyakazi kwa daraja, ni mishahara inayolipwa hivi sasa, ni saa za ziada zilizofanywa, ni hesabu za faida na hasara pale mwajiri anapodai kwamba hana uwezo. Asemaye hana fedha ameyafungua madaftari yake kwa kinywa chake mwenyewe. Chama kiziombe habari hizi kwa barua kabla ya kikao cha kwanza, si baada ya kikao cha sita. Mwajiri akizikataa, kukataa huko ni mgogoro unaoweza kupelekwa mbele. Na mambo yakifika mahakamani, wachumi wa Wizara ya Kazi huombwa kuchunguza uwezo wa kampuni na kupanda kwa gharama ya maisha; aliyekwisha kuziweka hesabu zake sawa mapema hatashikwa na bumbuwazi siku hiyo.

Tukiulizwa ni fungu gani la mkataba wa kwanza tungelipigania hadi usiku wa manane, hatungetaja mshahara. Mshahara hauna budi kupanda, na posho ya nyumba, likizo, matibabu na malipo ya saa za ziada visisahauliwe. Lakini asilimia itakayopatikana mara ya kwanza kwa kawaida ni ndogo, na bei ya unga yaweza kuila kabla mwaka haujaisha. Fungu lenye thamani ni lile linaloeleza utaratibu wa malalamiko na nidhamu: kwamba mtu hafukuzwi kabla ya kuelezwa kosa lake, kwamba ana haki ya kuja na mwakilishi wake, kwamba lalamiko lisilojibiwa kwa siku kadhaa hupanda ngazi nyingine, na kwamba ngazi ya mwisho iko nje ya mikono ya mwajiri. Bila ya fungu hilo, waliosimama mezani mwaka huu hawatakuwapo mwaka wa mkataba wa pili. Watakuwa wameshafukuzwa mmoja mmoja, kila mmoja kwa sababu yake nzuri.

Hapa yafaa kumtaja mtu wa pande zetu. Tom Mboya, ambaye kaburi lake liko Rusinga katika Homa Bay, alikuwa na umri wa miaka 24 makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma Machi 1955. Ilikuwa wakati wa hali ya hatari, vyama vya siasa vya Waafrika vilikuwa vimezuiwa, na serikali ilikuwa tayari kutumia nguvu. Mboya, akiwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, alikwenda Mombasa, akawashawishi wagomaji warudi kazini kwa sharti kwamba madai yao yasikilizwe na baraza la usuluhishi, kisha akajitayarisha kwa hesabu za maisha ya makuli, kodi ya chumba na bei ya chakula. Nyongeza iliyopatikana ilikuwa takriban asilimia 33. Wako waliomlaumu, wakisema kwamba mgomo ulikuwa na nguvu za kudai zaidi, na lawama hiyo haikuwa ya kijinga. Hata hivyo, miaka saba baadaye, Oktoba 1962, Mboya akiwa Waziri wa Kazi, serikali, shirikisho la waajiri na shirikisho la wafanyakazi walitia sahihi Hati ya Mahusiano ya Viwandani, ambayo ilieleza jinsi mwajiri atakavyokitambua chama. Sehemu kubwa ya utaratibu tulioueleza hapo juu yatoka katika mizizi ya hati hiyo.

Tumesema kwamba mkataba sharti usajiliwe. Jambo hili laonekana kuwa la makarani, na kwa hiyo hupuuzwa. Kifungu cha 60 chataka mkataba upelekwe mahakamani katika siku 14 tangu ukamilike, na kifungu cha 59 chasema kwamba unakuwa na nguvu ya kutekelezwa ukishasajiliwa. Madaktari wa hospitali za umma walilijua hilo kwa uchungu. Chama chao kilitia sahihi mkataba na Wizara ya Afya Juni 2013, baada ya mgomo wa Desemba 2011. Mkataba ulikuwapo, sahihi zilikuwapo, lakini usajili haukuwapo, na serikali ikaanza kuuzungumza kana kwamba ni barua ya mapenzi iliyoandikwa na kijana asiyejua alitendalo. Miaka mitatu ilipita. Tarehe 5 Desemba 2016 madaktari waliweka chini vifaa vyao nchi nzima, Migori na Homa Bay zikiwamo, na hawakurudi kwa siku 100. Februari 2017 viongozi wao saba walipelekwa gerezani kwa kuidharau amri ya mahakama, wakatolewa siku chache baadaye ili mazungumzo yaendelee. Viongozi wa dini walikuwa miongoni mwa waliozileta pande mbili pamoja, na tarehe 14 Machi 2017 hati ya kurudi kazini ilitiwa sahihi. Mwaka huo huo mkataba mpya ulisajiliwa. Maskini waliokuwa wakitegemea hospitali za umma ndio waliolipa gharama ya usajili uliokosekana mwaka 2013, na wengine walilipa kwa maisha yao.

Katika utumishi wa umma kuna kizingiti kingine, nacho ni Tume ya Mishahara na Marupurupu, ambayo ushauri wake hutakiwa kabla ya fedha kuahidiwa. Walimu, ambao mwaka 1997 waliahidiwa nyongeza ya asilimia 150 hadi 200 katika joto la uchaguzi, kisha wakalazimika kugoma tena 1998 serikali ilipokataa kuendelea kulipa, walipata mkataba wao wa kwanza wa pamoja na Tume ya Kuwaajiri Walimu Oktoba 2016. Na kule Awendo, Mei 2025 serikali ilikikodisha kiwanda cha sukari cha SONY kwa mwekezaji wa binafsi kwa muda wa miaka 30. Sheria yetu haina kifungu kinachohamisha mikataba ya kazi moja kwa moja kutoka kwa mwajiri wa zamani kwenda kwa mpya. Wafanyakazi wenye chama cha miaka mingi waweza kujikuta tena mwanzoni, wakiandika mkataba wa kwanza na mtu wasiyemjua.

Lakini hao wote, daktari, mwalimu na mkata miwa, wana faida moja ambayo mchimbaji wa Macalder hana: wanajua mlango wa kubisha. Sheria yasema juu ya mwajiri na mwajiriwa. Mchimbaji anayelipwa kwa fungu la mawe huambiwa kwamba yeye ni mshirika, na mshirika hana mshahara wala likizo, wala halipwi fidia kifusi kikimvunja mguu. Ushirika huu una ajabu zake. Shimo likitoa dhahabu, mwenye ardhi huchukua lake, mwenye shimo lake, mwenye mashine hubaki na makapi ambayo bado yana dhahabu ndani yake, na mchimbaji hupata kilichobaki. Shimo lisipotoa kitu, au likiporomoka, hasara yote ni ya mchimbaji peke yake. Ushirika wa namna hii, faida kwa wote na hasara kwa mmoja, hatujausoma katika kitabu chochote cha sheria.

Je, hawa waweza kuwa na mkataba wa kwanza? Twaona kwamba waweza, lakini si wote kwa njia moja. Tutazame wanawake wanaoponda mawe na kuosha unga wake katika viwanja vya mashine. Wengi wao hulipwa kwa kiasi walichoponda. Sheria ya Ajira yaitambua kazi ya kulipwa kwa kipimo. Mtu halazimiki kuwa na mshahara wa mwezi ndipo awe mfanyakazi. Kinachotazamwa ni nani anayempangia kazi, nani mwenye kiwanja na vifaa, nani aamuaye bei, nani awezaye kumwambia kesho usije. Majibu ya maswali hayo yakiwa ni mtu mmoja, huyo ni mwajiri, hata akijiita mshirika au mjomba. Wanawake kumi na wanane wa kiwanja kimoja wakiwa na daftari la miezi sita, limeandikwa siku, kiasi, malipo na jina la aliyelipa, wana kitu cha kumwonyesha afisa wa kazi. Bila ya daftari wana hadithi tu. Na pendekezo la kwanza kabisa katika mkataba wao lisiwe bei. Liwe zebaki: mikono mitupu isiishike tena, wala moshi wake usichomwe karibu na mahali watoto wachanga wanapolazwa. Dunia ilikwisha kuafikiana juu ya hatari yake katika Mkataba wa Minamata wa 2013.

Kwa wanaoshuka mashimoni, wenye kugawana mawe, njia ni nyingine. Sheria ya Madini ya 2016 iliwatoa wachimbaji wadogo katika uharamu. Yawaruhusu kupata kibali, kujiunga katika vyama vya ushirika, na yaunda kamati ya wachimbaji wadogo katika kila kaunti. Ushirika wenye kibali hauombi tena ruhusa ya mwenye shimo; ndio unaokaa naye, na mwenye ardhi, kuandika masharti: mafungu yagawanywe vipi, nani anunue miti ya kuegemeza shimo, nani alipe hospitali, makapi ni ya nani, na shimo lifungwe lini mvua inapozidi. Mkataba huo hautasajiliwa katika Mahakama ya Ajira kama ule wa kiwandani, lakini ni mkataba mbele ya sheria, na ukishuhudiwa na wakili ni vigumu kuukana. Jambo la kuogopa ni kwamba kibali kitaangukia mikononi mwa wachache wenye pesa, na ushirika ukawa jina jipya la mwenye shimo wa zamani. Orodha ya wanachama na isomwe kwa sauti, mbele ya watu, kabla ya kupelekwa ofisini.

Katika haya yote kanisa lina mambo mawili ya kutoa ambayo wengine hawana: ukumbi ambao mwenye shimo hawezi kuufunga, na watu waliozoea kuandika kumbukumbu. Barua ya Papa Leo wa 13 ya mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi ilikubali haki yao ya kuungana, miaka zaidi ya sabini kabla Macalder haijafungwa, na Waraka wa Yakobo katika sura ya 5 waulaani ujira uliozuiliwa. Hatudhani kwamba waumini wa Nyatike wahitaji kuhubiriwa zaidi ya hapo. Wahitaji mtu wa kuwasaidia kujaza daftari Jumamosi alasiri.

Lakini kanisa ni mwajiri pia. Lina shule, lina zahanati na hospitali, lina walinzi, wapishi, madereva, na wauguzi ambao huambiwa kwamba kazi yao ni wito kila wanapouliza habari ya mshahara. Kifungu cha 41 hakikuwatenga. Mwanaharakati atakayekwenda Macalder kuuliza nani anamwajiri nani, na aanzie katika ofisi ya parokia yake mwenyewe: aombe orodha ya wanaolipwa, ahesabu walioandikwa kuwa vibarua, na aulize ni wangapi kati yao waliovuka mwezi wa kwanza.